Kuku wa Dakika Mbili

Saa ya kuchemshia mayai, umbo la kuku,
plastiki nyekundu, mdomo umemeguka.
Niliitoa jikoni kwangu, Gateshead,
nikaiweka mezani kwenye ukumbi wa kanisa
kwa sababu mtu wa kuongoza kikao hakupatikana
na mimi, mjinga, nilikuwa nimekaa karibu na mlango,
nikasema, "Basi, leo tu."
Hiyo leo ina miaka mitatu.

Mshahara hakuna. Kuna chai ya maziwa mengi,
biskuti zilizolainika, na funguo za ukumbi
ambazo Bi Thirlwell alinikabidhi akitabasamu,
tabasamu la mtu aliyetua mzigo.
Sheria moja, niliiandika kwa kalamu nene:
Kila mtu dakika mbili. Kuku akilia, kaa.

Wakanizoea. Jina langu, Mwanakheri,
likakatwa likawa Kheri, likawa Kerry,
nami nikaitika.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni;
yangu ilikuwa hii: nisionekane nina upande.

Februari, barafu imeganda kwenye ngazi,
hoja ilikuwa ile chekechea iliyofungwa:
halmashauri inataka kuwaweka humo waomba hifadhi.
Viti themanini, watu mia. Makoti yananuka mvua.
Mimi nimewahi kuomba hifadhi. Wote wanajua,
hakuna aliyelisema,
na ukimya huo ulikaa safu ya kwanza, umekunja mikono.

Akasimama Dougie Hepple, fundi bomba,
aliyewahi kunizibia bomba siku ya Krismasi
asichukue hata peni.
Akaanzia mbali, kama kawaida yake:
baba yake, mgomo wa migodini, bei ya mkaa,
anayakokota maneno kama anayepanda ngazi
na jiko la gesi mgongoni.
Akafika: "Sasa lile jengo, watoto wakilala mle—"
Kuku akalia.
Nikasema, "Asante, Bwana Hepple."
"Sijamaliza."
"Dakika ni dakika."
Nusu ya ukumbi ikapiga makofi.
Makofi yale niliyapenda.

Kisha Nasrin, rafiki yangu, wa duka la dawa.
Akasema ya moyoni mwangu
kwa Kiingereza nisichokuwa nacho,
na kuku alipolia nilimfunika kwa kiganja,
nikamsikia akitetemeka chini ya vidole
kama kuku kweli.
Hakuna aliyeona. Au waliona wote.

Usiku ule nikaandika kumbukumbu za kikao:
Hepple, dk. 2. Nasrin, dk. 2.
Mwandiko mzuri; walimu wa Wete walinichapa
mpaka ukanyooka.
Nikautazama.
Kesi ya nyani, hakimu ngedere:
nyumbani tulikuwa tukisema hivyo tunacheka,
wala hakuna aliyeuliza
ngedere usiku analalaje.

Nilijiambia upande wangu ndio wa haki.
Huenda ni kweli. Bado naamini.
Lakini haki ya neno na haki ya kulisema
si pacha. Ni majirani,
ukuta mmoja, mwembamba,
kila mmoja anamsikia mwenzake akikohoa.

Nikafuta ile mbili ya Nasrin, nikaandika nne,
na pembeni: mwenyekiti alifunika saa.
Ya Hepple nikaiandika mpaka ilipokomea,
watoto wakilala mle, na kistari.
Mbele ya kistari sikujua kulikuwa na nini:
matusi, au ukungu wa kuta
anazozijua yeye aliyelala chali chini ya masinki yake.
Sijui mpaka leo. Nilimngoja kituoni, nikamuuliza.
Akasema, "Imeshapoa, Kerry,"
akapanda basi.

Machi nikazisoma kumbukumbu kwa sauti.
Watu wakakohoa. Nasrin akatazama viatu vyake.
Nilipofika kwenye kistari nikanyamaza
dakika mbili kamili,
kuku akihesabu, tiki tiki,
mapajani mwa Dougie Hepple,
maana nilikuwa nimempa yeye amshike.